Mtoto Hasikii

Kwa dada yangu,

Hujambo? Shemeji naye hajambo? Nauliza kwa sababu barua haianzi bila salamu, usije ukadhani hasira zimepoa. Mimi mzima. Habari za binti yangu Chiriku ndizo zilizonikalisha niandike.

Siku nilipokuja kumchukua, ulinisimamisha mlangoni pa karakana yako ya kushonea mito, ukanitangazia mbele ya wateja kwamba mtoto hasikii. Anaitwa, hageuki. Anatumwa mkasi, analeta mkate. Ukasema umemnyoosha kwa mwiko, na ukataka nikushukuru. Kwetu neno hilo halijawahi kuwa na maana nyingine: asiyesikia ni mkaidi.

Basi nimempeleka kwa daktari wa masikio. Akamchungulia, akamfanyia vipimo, akauliza analala wapi. Nikamwambia alikuwa analala nyuma ya cherehani, kwenye rundo la magodoro makuukuu unayoyachambua upate vya kujazia mito. Akanieleza kwamba Chiriku ana mzio, huu tunaouita aleji, na vumbi lile ndilo linalomdhuru. Pua ikivimba ndani, kijia kinachoiunganisha na sikio huziba, maji yakatuama nyuma ya ngoma ya sikio. Yakiingiwa na vijidudu, usaha. Ndiyo maana sikio lilikuwa likikauka na kurudia, nawe unalimiminia mafuta na kumwita mchafu! Mtoto hasikii kweli, dada. Ulimchapa kwa ugonjwa.

Chiriku harudi kwako. Usimtume shemeji kuja kunibembeleza, nitamfungia mlango. Na huo mwiko, upikie.

Lakini liko jambo lililoninyima raha. Daktari aliuliza kama kuna mwingine kwetu mwenye mafua yasiyoisha. Nikakutaja wewe, unayeamka na chafya tangu utotoni. Nilipokuwa namweleza ndipo nikakumbuka unavyogeuza sikio la kulia mtu akisema nawe, na mama alivyokuwa akikuchapa mbele yetu sote mpaka shule ikakushinda. Alikuwa akisema neno lilelile. Daktari anataka akuone.

Sijakusamehe. Ila nenda. Nimekuandikia kwa sababu kwenye simu huwa unaitikia tu "ndiyo, ndiyo", halafu hufanyi hata moja, na miaka yote nimekuita jeuri.

Msalimie shemeji, kama utapenda.

Mdogo wako, mama Chiriku