Mikono Themanini ya Kulia

Chumba cha juu, nyuma ya karakana,
14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Hamjambo hapo nyumbani? Goti lako linaendeleaje? Na Bibi bado anawasumbua kwa kukataa dawa? Mimi ni mzima, ila macho yanauma kidogo kwa kushona uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi.

Najua unatazamia kuniona nikiingia na sanduku langu. Nilikuandikia kwamba nimechoka na kazi na narudi nyumbani, nawe ukajibu kuwa cherehani yangu umeifunika shuka, inaningoja. Nisamehe, Mjomba. Sikuwa nimechoka, nilikuwa naogopa.

Unamkumbuka meneja wetu wa zamani, yule wa kupiga meza. Kwake tulijifunza kuficha. Chini ya kila cherehani palikuwa na furushi la vitambaa vilivyoharibika, na kila mtu alijifanya haoni la mwenzake.

Kisha akaja huyu tunayemwita Mama Futi, maana futi ya kupimia haimtoki shingoni hata akinywa chai. Jumatatu yake ya pili, kabla mashine hazijawashwa, alisimama kwenye meza ya kukatia akatueleza kosa lake: ameagiza vifungo vya makoti kwa mashati ya watoto. Tangu hapo kila Jumatatu anaanza yeye, halafu mwenye lake anasema. Mimi nilidhani ni mtego, nikafyata ulimi miezi mitatu.

Ndipo nikakata mikono themanini ya mashati ya sare, yote ya kulia! Kitambaa kile kina upande mmoja tu wa mbele, nami nilikitandaza chote kikitazama juu, badala ya kukikunja uso kwa uso ili itoke ya kulia na ya kushoto. Nikaifunga yote furushi, nikalisukuma chini ya meza, nikaja chumbani kukuandikia ile barua.

Jumatatu nilikwenda kuaga, lakini nilipofungua mdomo ikatoka habari ya mikono. Mama Futi akauliza, "Yote themanini?" Nikasema yote. Akacheka mpaka akaishika meza, na karakana nzima ikaangua kicheko, mimi nacheka na machozi yananitoka. Halafu akampigia mteja simu mbele yetu. "Tumekosea," akasema, "tupeni siku mbili." Tumekosea, Mjomba! Hakunitaja. Mchana kutwa alinishikia kitambaa nikikata ya kushoto, na kwenye ile ya kulia iliyozidi tukakata kola na mifuko.

Kesho yake wenzangu walianza kuvuta mafurushi yao chini ya mashine, mmoja mmoja, bila kuitwa. Siku hizi nakwenda kazini bila woga. Namshukuru sana yule mama.

Nakushukuru na wewe, maana kushika mkasi ulinifundisha wewe. Na kwa kuwa nimeshazoea kusema, hebu nimalize: lile gauni la Bibi ulilodhani limeibwa kwenye kamba, nililiunguza mimi kwa pasi, nikalizika nyuma ya jiko. Miaka tisa nimelibeba moyoni.

Wasalimie mkaza mjomba, binamu, na Bibi, lakini kwake yeye niombee kwanza msamaha. Mungu awalinde na awape afya.

Cherehani yangu ifunue, Mjomba. Mpe binamu ajifunzie. Na siku atakapoharibu kitambaa, kabla hujasema neno, mweleze kwanza cha kwako ulichowahi kuharibu.

Mpwa wako anayekupenda siku zote,
Kidole