Mtumbwi Wako Tumeuloweka Mtoni

Mpendwa mdogo wangu Lukasi,

Kamwene! Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu. U hali gani huko Tanga kwenye mkonge? Na kile kifua, kimepoa? Sisi wa huku Ruaha tu wazima, tunamshukuru Mungu, na mahindi yanakomaa.

Lukasi, jana nilishuka kivukoni nikacheka peke yangu. Nilikumbuka ile Pasaka ulipotuvusha kwenda kanisani ng'ambo. Si unajua desturi yetu, kila abiria aje na nyasi zake, azitandike juu ya tope ili anayemfuata ashuke mkavu. Wewe ukaona mzigo mzuri wa nyasi wa mama mkwe wangu, ukakata kamba, ukautandika wote! Kwaya nzima ikapita juu yake na viatu vya sikukuu.

"We Lukasi!" mama mkwe akapiga kelele. "Hilo ni paa la mwinjilisti hilo!"

Kumbe alizichagua nyasi zile moja moja, za kumwezekea. Mwinjilisti akashuka wa mwisho, akavua kofia: "Basi na mimi nipite juu ya nyumba yangu." Wewe ukajificha uso nyuma ya kafi. Neema wangu, mdogo bado, alicheka mpaka ukamwambia, "Cheka tu. Siku ya kuolewa nitakuvusha mimi mwenyewe."

Hakusahau, ndugu yangu. Amechumbiwa na kijana wa ng'ambo, harusi ni baada ya mavuno. Wakwe wanataka kumchukua kwa lori, wazungukie darajani. Neema kakataa: "Mama, mjomba aliahidi." Baba yake amewaomba wasubiri jibu lako. Wamekubali, ila si kwa muda mrefu.

Matete yaliyoziba kivuko tumeyafyeka. Mtumbwi wako ulipasuka kwa jua, kwa hiyo tumeujaza mawe tukauzamisha pale ukingoni, ulowe, nyufa zifunge. Kila asubuhi nikishasali nashuka kuutazama kama mgonjwa. Unapona! Mama mkwe naye ameanza kukata nyasi. Anasema, "Mwambieni hizi ni za tope kweli, asiogope."

Mto umetulia, unakwenda taratibu kama unavyoupenda. Kafi lako liko nyuma ya mlango, hakuna aliyeligusa. Tafadhali nijibu upesi, nijue nimwambie nini Neema.

Mungu akulinde.

Ni mimi dada yako,
Mama Neema