Mkaa Ulioshiba

Baba Zaina,

Magunzi hayajaisha. Wanawake wa Misima wamepukuchua mahindi wiki hii, na badala ya kuyawashia moto wameniwekea mlangoni kama ulivyowazoesha. Nimeyachoma mwenyewe yawe mkaa wa kuchujia maji, kwenye lile pipa lako, nikalifunika kwa udongo hewa isipite. Yametoka meusi, yanalia kama vigae. Ungeyasifu, halafu ungenikosoa.

Nikueleze ya arobaini yako. Mvua ilikuwa imenyesha na kuni zimelowa. Dada yako, wifi Mwanahamisi, akaona magunia nyuma ya jiko: mkaa uliokwisha kuchuja maji ya kisima, ule ulionyonya zebaki inayoshuka kutoka kwa wachenjuaji wa dhahabu. Yeye na wapishi wenzake wakamwaga gunia zima kwenye mafiga, wakateleka sufuria ya pilau ya hitima yako. Natoka ndani, nauona utepe mwekundu uliofungia gunia, alama yako ya hatari, umetupwa chini.

Nikaumwagia moto maji. Kisha nikapiga kelele kama ninavyopiga gazetini: zebaki, sumu, wauzaji, serikali. Hakuna aliyeelewa. Shangazi yako akasema, "Mwacheni, msiba umempanda kichwani." Wifi akashika kiuno. "Wifi, huu mkaa nao umekukosea nini? Utauandikia makala?"

Wakacheka. Wifi akaanza kufungua gunia la pili, na watoto wamekaa palepale wakingoja ukoko. Nikaishiwa maneno. Mimi. Ndipo yakanitoka ya kwako, taratibu, kama ulivyowaambia wanafunzi wako wa kemia kule Korogwe: "Mkaa huu umeshiba. Ukichomwa unatapika, na matapishi yake ni moshi unaouvuta."

Wifi akaliachia gunia. Akawaondoa watoto, akarudi akanishika mkono. "Huyo ni kaka kabisa," akasema, na tukalia wote wawili mbele ya moto uliozimika. Majivu tuliyazoa, tukayarudisha guniani. Pilau ililiwa alasiri, kwa kuni za kuazima.

Sasa mkaa ulioshiba unakaa kwenye mapipa yenye mifuniko, na ufunguo wa banda anao wifi. Haazimishi mtu. Ila mapipa yanajaa, na kila ofisi ninayokwenda kuuliza yapelekwe wapi inanielekeza ofisi nyingine. Nimeanza kuwaandika. Usiniambie nipunguze ukali. Wanaokunywa maji yale hawana pengine pa kuchota.

Ulizoea kunitania: "Wewe na mkaa huu ni ndugu. Ukishiba, unamtapikia mhariri." Kweli. Lakini tangu uondoke kuna kitu nimekinyonya ambacho hakiingii gazetini. Asubuhi bado natenga vikombe viwili. Natia chai kimoja, kingine nakiangalia, nakirudisha kabatini kikiwa kikavu. Haya nayo nimwandikie nani, kama si wewe?

Pumzika, mwalimu wangu. Nakuahidi: mkaa wa kisima utabadilishwa kila unaposhiba, na mapipa yale hayatawashwa moto na mtu yeyote nikiwa hai. Nitagonga milango mpaka yapate pa kwenda.

Ule utepe wako mwekundu niliufua. Siku hizi nafungia nywele.

Ni mimi,
Mama Zaina