Mjane Aliyenyamaza Kurasa Kumi na Sita

Jumatatu, 3 Machi

Tasnifu imeisha! Imeisha kabisa — isipokuwa namba za kurasa za riwaya ninayoichambua. Mashine ya fotokopi ilizikata zote chini, na kopi yangu yenyewe ni kopi ya kopi ya Mwalimu, msimamizi wangu. "Utajaza mwisho," aliniambia miaka miwili iliyopita. Basi mwisho ndio huu. Utetezi ni Jumanne ijayo, na mtahini wa nje anakuja.

Nimesoma tena sura yangu ya nne, kuhusu ukimya wa mjane. Nimejipenda jamani! Kurasa thelathini na nane. Mjane anasimama mlangoni, barua mkononi, halafu — kimya. Aya inayofuata yuko ndani ya treni tayari. Pengo la makusudi, nimeandika. Ukimya unaopiga kelele! Nani mwingine angeliona hilo?

Kaka yangu, fundi cherehani, kauliza tena: miaka yote hii nasoma Kiingereza, kwani hakiingii? Nikamwambia nasoma fasihi, si lugha. Aha, kumbe unasoma hadithi. Mama akamkemea: mwenzako anasoma Kiingereza cha ndani, wewe huwezi kuelewa. Nguo yake Mama ya mahafali ameshaipima mara tatu.

Jumatano, 5 Machi

Maktaba. Mkutubi — yule mwenye miwani machoni na nyingine kichwani — kanitolea kitabu chenyewe kutoka kabati la kufuli. Miaka miwili nakichambua, leo ndiyo mara ya kwanza kukishika.

Najaza namba, mambo yanakwenda. Mjane mlangoni: 142. Mjane ndani ya treni: 159.

Nikahesabu kwa vidole. Nikarudia.

Kurasa kumi na sita! Mjane anafungua barua. Anaisoma kwa sauti. Anamwita shemeji yake, anaanza kusema, na hasemi kidogo — anamchamba, anamchamba na baba yake, anafukua mambo ya harusi, hapumui mpaka 158. Riwaya nzima hakuna mtu anayesema zaidi ya huyu mjane wangu bubu. Kumbe sura yangu ya nne ni uchambuzi wa mashine ya fotokopi.

Nilicheka mpaka mkutubi akanifukuza. Halafu nikaenda chooni nikalia.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwa Mwalimu kukiri. Sijafungua mdomo, ameanza yeye: sura ya nne imemtoa machozi. "Pengo lile, binti yangu! Miaka kumi na mmoja nalifundisha, hakuna aliyelielewa kama wewe."

Kopi yake ilikuwa mezani, imechakaa, imejaa wino mwekundu. Pale kwenye pengo ameandika: AJABU!

Miaka kumi na mmoja. Na makala mbili ameliandikia pengo hilo! Nikasema asante Mwalimu. Asante! Bingwa wa ukimya.

Huyu ndiye aliyenipokea nilipokataliwa na wasimamizi wawili. Nikisema, namvua nguo. Nisiposema, atavuliwa na mgeni, na mimi nitafeli nikiwa mwongo vilevile.

Jumapili, 9 Machi

Siku za mwizi ni arobaini, zangu zimebaki mbili. Leo nimejaribu kuongeza sentensi: "Hata kama kurasa hizo zipo, je, kweli zipo?" Nikafuta. Hata upuuzi una mipaka.

Mama anasema nimekonda, ni kwa sababu ya kusoma sana. Laiti angejua! Nimekonda kwa sababu ya kusoma kidogo.

Jumanne, 11 Machi

Niko kwenye benchi nje ya chumba cha utetezi. Wamenitoa.

Mtahini wa nje ni mama mfupi, sauti ya upole. Alikuja na kitabu chake. Kizima! Akauliza: katika sura ya nne, nani hasa ananyamaza? Mwalimu akadakia kunisaidia, akaanza kulisifu pengo. Nikamwona yule mama anafungua kitabu katikati.

Nikamkatiza Mwalimu. Mimi! Nikasema mjane hanyamazi. Kopi yangu ina upungufu wa kurasa kumi na sita, nimegundua Jumatano, nikakaa kimya kwa woga. Kosa ni langu. Kopi niliitoa wapi — sikusema.

Mwalimu alinitazama. Akatazama kopi yake.

Nusu saa sasa. Naandika haraka, mwandiko huu hata mimi sitausoma. Mlango haukufungwa vizuri. Nilitegemea kusikia ugomvi, au yule mama akicheka. Hakuna. Ni sauti moja tu, ya Mwalimu, anasoma kitabu cha yule mama, Kiingereza, polepole, anakwama, anaendelea. Ndiyo kwanza mjane anafungua barua.

Na humo ndani hakuna anayemkatiza —