Magunia Mawili ya Maranda

Elburgon

Mpendwa Baba,

Salamu kwako, na kwa goti lako pia, ambalo nasikia bado linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Mimi ni mzima, ila baridi ya Mau imenifundisha kulala na soksi. Naandika kwa sababu kwenye simu wewe hujibu swali ambalo sijauliza, na hii habari nataka uipate yote.

Unakumbuka ploti niliyonunua kwa mjane mwenye posho mill, kile kinu cha kusaga mahindi, nikajenga karakana ya milango? Jirani yangu Mzee Elija, mfuga kuku, alinishtaki Nakuru, kwenye baraza la kesi za wapangaji wa maduka na karakana. Alisema ploti ni yake, mimi ni mpangaji. Ushahidi wake? Maranda. Kila mwisho wa mwezi nilikuwa nampelekea magunia mawili ya yale maganda yanayotoka kwa randa, atandikie kuku. Ujirani tu. Kumbe yeye anaandika kwa daftari: kodi. Baraza likatoa agizo la muda, karakana ikatiwa kufuli, vyombo vyangu ndani, na milango niliyoagizwa na shule imefika nusu.

Wakili sikuwa naye. Lakini Baba, mwaka juzi nilipata kibarua cha kurekebisha mabenchi kortini Nakuru. Wiki mbili nilipiga misumari polepole sana, nikisikiliza. Niligundua wakili akiishiwa na maneno huuliza kama mahali pale pana mamlaka ya kusikiliza kesi. Nikaenda maktaba kusoma hayo mamlaka ni kitu gani.

Siku ya kesi nikasimama. "Mheshimiwa, baraza hili ni la mwenye nyumba na mpangaji. Mimi nina mkataba wa kununua, yeye anasema ploti ni yake. Nani mwenye ploti, hilo ni swali la korti ya ardhi."

"Na maranda?" mwenyekiti akauliza.

"Yalikuwa ya kuku, Mheshimiwa. Kama ni kodi, basi landilodi wangu ni kuku."

Hata karani alicheka. Wakili wa Mzee Elija akaona mambo yanageuka, akaomba kesi ihamishwe kortini pamoja na lile agizo, yaani kufuli ibaki. Nikainuka tena. Wakili huyo akaninong'oneza, "Mama, kwani wewe ni wakili?"

"Hapana boss, ni fundi wa mbao." Kisha kwa sauti: "Mheshimiwa, baraza lisilo na mamlaka litahamisha kesi kwa mamlaka gani?"

Mwenyekiti alivua miwani, akanitazama, akaandika kwa muda mrefu. Kesi ikatupwa, agizo likaanguka nayo. Mzee Elija akitaka, aanze upya kortini. Aanze tu. Mkataba wangu uko ndani ya lile sanduku ulilonitengenezea.

Wiki jana alikuja mlangoni akikohoa. "Mama Fundi, kuku wanalala kwa simiti."

Nilimpa magunia yake mawili. Lakini kwanza alitia sahihi kwenye karatasi niliyoandika mwenyewe: zawadi.

Msalimie Mama, na shangazi anayeniombea mume kila Jumapili. Mwambie apumzike kidogo. Kaka mkubwa, aliyesema useremala si kazi ya mwanamke, msomee barua hii polepole. Milango ya shule imeshafungwa bawaba, na hakuna hata mmoja unaokwaruza sakafu.

Ni mimi binti yako, uliyemshikisha randa kabla ya kalamu,
Nafula