Neno Lililotoka Donnybrook

Jumatatu, 22 Agosti 1859

Mchumba wangu Malachy kaja jioni, uso umemshuka. Mama yake, Bi Quirke, kasoma gazetini kwamba huko Amerika madiwani wamebishana hadi kurushiana viti, na mwandishi kauita mkutano huo "donnybrook". Ndiyo, jina la kijiji chetu hapa Ireland! Limekuwa neno la Kiingereza, maana yake mabishano ya fujo. Bi Quirke ni mjane, hakosi kanisani. Kasema hataki mkwe kutoka mahali pa namna hiyo. Ila Ijumaa anakuja kutuona kabla hajakata shauri. Mungu wangu!

Jumatano, 24 Agosti

Nimewaomba baba na baba mkubwa wasilitaje gulio la Agosti la hapa kijijini, lililozaa neno hilo. Nimepiga magoti kabisa. Wapi! Baba akawaka: gulio lilipata kibali cha mfalme zaidi ya miaka mia sita iliyopita, watu walikuja kwa ng'ombe, farasi na sufu, na neno hilo ni kashfa tupu. Baba mkubwa Phelim akacheka. "Sufu! Nitajie mmoja aliyerudi kwake na sufu. Watu walikuja kutwangana, bwana, na walitwangana vizuri." Tangu gulio lifungwe wanabishana hayo hayo.

Ijumaa, 26 Agosti

Nimekimbilia jikoni kuandika haya. Mlango uko wazi, nawaona wote sebuleni. Mambo yalikuwa shwari, keki imekatwa — kisha Bi Quirke mwenyewe akauliza, taratibu kabisa, hilo neno hasa limetokana na nini. Nikajua nimekwisha! Baba: biashara! Baba mkubwa: ngumi! Baba kavua koti. "Mzushi wewe!" — "Mzushi babako!" Na baba yao ni mmoja! Malachy kafumba macho.

Bi Quirke akasema marehemu mumewe alikuwa akitoka kwao, mji wa Naas, kila Agosti kuja hapa kununua farasi. Lakini nyumbani, akasema, farasi hakuonekana hata mmoja.

"Quirke wa Naas?" baba mkubwa akashika pua yake iliyopinda. "Yule mrefu, wa mkono wa kushoto? Basi hii pua ni kazi yake, mama!"

Nilidhani Bi Quirke atanyanyuka aondoke. Hapana — kavua kofia, kaiweka kitini.

"Na meno yake mawili ya mbele?" anauliza. "Aliniambia ni teke la farasi."

Baba mkubwa anamgeukia baba. Baba anaficha ngumi nyuma yake, anaitazama keki.