Vigingi Kwenye Karanga za Bibi Raheli

Miyuji, Jumatano

Obedi, mume wangu, asali wangu,

Simu yako haipatikani huko Mvumi ulikorudishwa kung'oa vigingi, kwa hiyo nampa dereva wa ofisi barua hii. Mto wako bado unanukia wewe, nami naukumbatia kama mtoto. Jirani ananitania, "Bibi harusi, wiki moja tu umeshakonda!" Nacheka, kisha aibu inanirudia.

Sote wawili tunajua vipimo vyako vilikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyeviingiza kwenye kompyuta kwa namba 21036, ya mfumo wa zamani wa ramani zetu, wakati kifaa chako kilipima kwa mfumo wa dunia, 32736. Viwanja vyote ulivyopima huko vikahama karibu mita mia tatu kwenye ramani, vigingi vya mipaka vikapigwa katikati ya karanga za Bibi Raheli.

Bosi alipofoka, ulisema mbele ya wote, "Ni mimi." Wakakucheka: "Bwana harusi halali usingizi siku hizi!" Nami mkeo niliinama, nikawa nazungusha pete yangu kidoleni.

Leo nimeshindwa kuvumilia, nimemwambia bosi ukweli. Akanitazama. "Nilijua, Hilda. Obedi hajui hata kuifungua programu ile. Nilikuwa nangoja nione mtu anayependwa hivyo atanyamaza mpaka lini."

Jumamosi nakuja, mpenzi. Ng'oeni vigingi vyote, ila vya shambani kwa Bibi Raheli niachieni. Nitavitoa kwa mikono yangu, yeye akiniona.

Mkeo anayekupenda hata aibu ikimjaa,
Hilda